Nguvu Gani? Matumizi ya Kawi na Mkondo wa Viowevu katika Vichanganyio vya Viwandani

Utangulizi

Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Makala haya yalizaliwa na swali la maneno mawili tu. Miaka michache iliyopita, rafiki yangu ambaye ni mhandisi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kujipaka jijini Nairobi aliniomba nimtafsirie ukurasa mmoja wa maelekezo ya mtambo wa kuchanganyia. Maelekezo hayo yalikuwa kwa Kiingereza, na wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wakiyafuata kwa kukisia. Kazi hiyo niliimaliza kwa siku moja, nikajipongeza. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika hivi: "Matone yakibaki makubwa, ongeza nguvu."

Siku ya kusomewa maelekezo hayo, mzee mmoja aliyeuzoea mtambo ule kwa miaka mingi aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, nguvu gani?" Nilidhani anatania. Akaendelea: "Nikifunga hii vali kidogo, mshale wa umeme unashuka. Nikiongeza kasi, mshale unapanda. Mafuta yakikaa ndani sana yanapata moto. Wewe unataka niongeze ipi?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyesomea fasihi ya Kiswahili nilikuwa nimetumia neno moja kwa mambo matatu, na mfanyakazi aliyesomea kazi mbele ya mtambo alikuwa ameliona kosa hilo kwa kulisikia mara moja tu. Laiti angelifuata agizo langu bila kuuliza, pipa zima la mafuta lingeweza kuharibika. Makala haya yananuia kumjibu mzee yule. Yataeleza jinsi kiowevu kinavyopita ndani ya vichanganyio vya aina hiyo, umeme unaotumika huenda wapi, na kwa nini neno "nguvu" likiachwa peke yake linaweza kumpotosha mtu. Msomaji asiyependa hesabu asikimbie; hesabu zilizomo ni chache na zote zitaelezwa kwa maneno.

Vitenzi vya Kuchanganya

Kabla ya kuingia kiwandani, inafaa tuanzie jikoni. Mswahili hana kitenzi kimoja cha kuchanganya kila kitu. Ugali husongwa, uji hukorogwa, unga wa chapati hukandwa, na maziwa husukwa ndani ya kibuyu mpaka siagi ijitenge. Kijiti kikizungushwa baina ya viganja, huko ni kupekecha. Maji yaliyotulia yakivurugwa mpaka matope yapande, tunasema yametibuliwa.

Tofauti hizi si za mapambo ya lugha. Anayesonga ugali hupambana na mnato, yaani ule ukinzani wa kitu kizito dhidi ya kutiririka. Akiusimamisha mwiko, ugali nao husimama papo hapo. Anayekoroga chai hana shida hiyo. Kijiko kikishatolewa, chai huendelea kuzunguka kikombeni kwa muda, kwa sababu kitu kilicho katika mwendo hakipendi kusimama. Tabia hiyo wanafizikia huiita inesha. Kwa hivyo, katika kusonga mnato ndio unaotawala. Katika kukoroga, inesha ndiyo inayotawala.

Mpaka kati ya hali hizi mbili ulichunguzwa na Osborne Reynolds mjini Manchester, Uingereza, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1883. Alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji yaliyokuwa yakitiririka ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka kama mstari. Kasi ilipozidi kiwango fulani, uzi ulikatikakatika na rangi ikasambaa bomba zima. Hali ya kwanza tutaiita mtiririko tulivu, na ya pili mtibuko. Nambari inayolinganisha inesha na mnato leo inaitwa nambari ya Reynolds: ikiwa ndogo, tunasonga, ikiwa kubwa, tunakoroga.

Mtambo Wenyewe

Mtambo tunaouzungumzia ni kichanganyio cha mkato mkali. Neno "kichanganyio" nimeliunda kwa njia ileile iliyotupatia "kichujio" kutokana na "chuja". Mitambo hii huundwa na kampuni kama vile Silverson ya Uingereza, IKA ya Ujerumani na Ross ya Marekani, nayo hutumika kutengenezea mafuta ya kujipaka, rangi za nyumba, mayonezi, sosi na dawa za maji.

Moyo wa mtambo huu una sehemu mbili. Ya kwanza ni rota, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na mota. Ya pili ni stata, ambayo ni ukuta wa duara uliotobolewa matundu au mipasuko, nao hauzunguki. Rota huzunguka ndani ya stata, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba mno. Katika mitambo mingi nafasi hiyo huwa kati ya sehemu ya kumi ya milimita na milimita tatu. Ncha za mapanga huenda kwa kasi ya mita 10 hadi 50 kwa sekunde.

Tuchukue mtambo mdogo wa mfano ambao tutautumia hadi mwisho wa makala. Rota yake ina kipenyo cha sentimita 6, nayo inazunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde. Ncha ya panga lake huenda kwa takriban mita 19 kwa sekunde, ambazo ni sawa na kilomita 68 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu iliyo barabara kuu, isipokuwa hapa "matatu" inapita umbali wa milimita 0.3 kutoka ukutani, unene wa karatasi tatu hivi.

Hebu msomaji apake mafuta katika viganja vyake na avisugue. Mafuta yaliyoshikana na kiganja kimoja huenda upande huu, na yaliyoshikana na kiganja cha pili huenda upande ule. Yaliyo katikati huvutwa huku na huku. Kani inayotokana na tabaka za kiowevu kutelezeana kwa kasi tofauti ndiyo ninayoiita kani mkato. Ukali wake hutegemea tofauti ya kasi ikigawanywa kwa upana wa nafasi. Katika mtambo wetu, mita 19 kwa sekunde zimebanwa ndani ya milimita 0.3, na jawabu ni zaidi ya 60,000 kwa kila sekunde. Hakuna mwiko wala mkono unaoweza kufikia kiwango hicho.

Kiowevu Hupita Wapi?

Maji hufuata mkondo, na mkondo wa ndani ya kichanganyio una vituo vinne. Kwanza, kiowevu hufyonzwa kuelekea katikati ya rota, kwa kuwa mapanga yanayozunguka hukitupa kilichomo kuelekea nje na kuacha pengo linalotaka kujazwa. Pili, kiowevu hicho husukumwa na mapanga hadi ukingoni mwa rota, kikipata kasi kubwa ya kuzunguka. Tatu, huvuka nafasi nyembamba iliyo kati ya rota na stata. Nne, hupenya katika matundu ya stata na kutokea upande wa pili kama mikondo myembamba yenye kasi.

Wengi hudhani kwamba kazi yote ya kuvunja matone hufanyika katika kituo cha tatu, ndani ya nafasi nyembamba. Uchunguzi umeonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Utomo, Baker na Pacek wa Chuo Kikuu cha Birmingham, katika makala zao za mwaka 2008 na 2009, walipima kasi ya kiowevu kwa mwanga wa leza na kuilinganisha na hesabu za kompyuta. Walibaini kwamba mkondo unaotoka katika tundu haulijazi tundu zima. Kwa kuwa kiowevu kinafika kikiwa bado kinazunguka, hugonga ukuta wa tundu ulio upande kunakoelekea mzunguko, kisha hutoka kikiwa kimeuegemea ukuta huo. Nyuma ya mkondo huo kiowevu kingine hujizungusha kama maji ya mto yanayorudi nyuma kandokando ya jiwe. Kila panga linapopita mbele ya tundu, mkondo huo hupata mshtuko mpya. Katika mtambo wetu wenye mizunguko 100 kwa sekunde, rota ikiwa na mapanga manne, kila tundu hupata mishtuko 400 kwa sekunde.

Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, chini ya Richard Calabrese, nao wamesisitiza umuhimu wa mgongano huo wa kiowevu na kingo za matundu. Maana yake ni kwamba matone huvunjwa mahali pengi: mbele ya mapanga, katika nafasi nyembamba, kwenye kingo za matundu na ndani ya mikondo inayofyatuka nje. Nje ya kichwa cha mtambo, mtibuko hufifia haraka. Tone lililo pembeni mwa pipa halivunjwi hata kidogo mpaka lifike kichwani. Ndiyo maana mafuta mazito ya kujipaka huhitaji pia mkono mpana unaozunguka polepole ukikwangua kuta za pipa. Mkono huo hauvunji tone lolote. Kazi yake ni kuyaleta matone yote kwa mvunjaji.

Kani, Kawi na Nguvu

Sasa tumefikia kiini cha swali la mzee. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "nguvu" hubeba angalau dhana tatu ambazo mhandisi hawezi kuzichanganya.

Ya kwanza ni kani, yaani msukumo au mvuto, na hupimwa kwa niutoni. Ya pili ni kawi, yaani uwezo wa kufanya kazi uliohifadhiwa au uliotumika, na hupimwa kwa jouli. Hapa Kenya tumezoea kawi; wenzetu wa Tanzania huiita nishati, na dhana ni ileile. Ya tatu ni kiasi cha kawi kinachotumika katika kila sekunde, na hupimwa kwa wati. Katika makala haya neno "nguvu" nitaliachia dhana hii ya tatu pekee.

Mfano wa hamali utatusaidia. Hamali wawili wanapandisha magunia yenye uzito sawa hadi ghorofa ya pili. Kani wanayohitaji kuinulia ni sawa, na kawi inayoingia katika kupandisha gunia ni sawa. Lakini mmoja akitumia dakika moja na mwingine dakika mbili, nguvu ya wa kwanza ni maradufu ya nguvu ya wa pili. Bili ya umeme ya kiwanda nchini Kenya hutenganisha mambo haya vizuri kuliko tunavyoyatenganisha katika mazungumzo: kuna malipo ya uniti zilizotumika, ambazo ni kawi, na kuna malipo ya kilele cha mahitaji kinachopimwa kwa kVA, ambacho ni cha jamii ya nguvu. Kiwanda kinaweza kutumia kawi ileile na bado kikatozwa zaidi kwa kuwa kiliitumia kwa pupa.

Nguvu Huenda Wapi?

Katika pipa la kawaida lenye mtibuko, wahandisi wanajua kwamba nguvu ya kuzungusha hufuata kanuni hii:

Nguvu = A × densiti × kasi³ × kipenyo⁵

Hapa kasi ni mizunguko kwa sekunde, na A ni namba inayotegemea umbo la mtambo. Vipeo ndivyo vinavyostahili kutazamwa. Kasi imepandishwa kwa kipeo cha tatu: ukiiongeza maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kipenyo kimepandishwa kwa kipeo cha tano: ukiweka rota pana maradufu na kuizungusha kwa mizunguko ileile, nguvu huongezeka mara 32. Tazama pia kwamba mnato haumo katika kanuni hii. Huko ndiko kukoroga. Tukirudi kwenye kusonga, kanuni hubadilika: densiti hutoka, mnato huingia, kasi hushuka hadi kipeo cha pili na kipenyo hadi kipeo cha tatu.

Vichanganyio ambavyo kiowevu huingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, kama kile alichokitumia mzee, huhitaji nyongeza. Mwaka 2011 Adam Kowalski wa kampuni ya Unilever na wenzake wa vyuo vikuu vya Uingereza walichapisha vipimo vya mtambo wa Silverson wa aina hiyo. Walionyesha kwamba nguvu inayoingia katika kiowevu ni jumla ya sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile ya kuzungusha tuliyoitaja. Ya pili hutokana na kukisafirisha kiowevu:

Nguvu ya mtiririko = B × mtiririko × kasi² × kipenyo²

Mtiririko hapa ni kilo zinazopita kwa sekunde. Kwa mtambo waliopima, A ilikuwa karibu na 0.2, na B kati ya 9 na 10. Kwa wepesi wa hesabu tutatumia 0.2 na 9 katika mtambo wetu wa mfano, huku kiowevu kikiwa na densiti ya maji.

Tuseme kilo 0.5 zinapita kila sekunde. Kuzungusha kunachukua karibu wati 156, na mtiririko karibu wati 162. Jumla ni wati 318. Takriban nusu ya nguvu inatumika kukizungusha kiowevu kilichomo, na nusu ya pili kukipa mwendo kile kinachoingia upya. Kila tone linaloingia likiwa limetulia lazima lipewe kasi ya rota kabla ya kutoka, kama abiria anayedandia gari linalokwenda: gari ndilo linalogharimia mwendo wake.

Kitendawili cha Vali

Sasa tumwendee mzee na vali yake. Aliyosema ni kweli tupu. Tukiifunga vali ya kutokea mpaka mtiririko upungue kwa nusu, ufike kilo 0.25 kwa sekunde, sehemu ya kuzungusha hubaki wati 156, lakini ya mtiririko hushuka hadi wati 81. Jumla ni wati 237. Mshale wa umeme umeshuka kwa robo nzima, na asiyejua atasema mtambo unapumzika.

Hebu tuulize swali jingine: kila kilo imepata kawi kiasi gani? Mwanzoni, wati 318 ziligawanywa kwa kilo 0.5, na kila kilo ikapata jouli 636. Baada ya kufunga vali, wati 237 zimegawanywa kwa kilo 0.25, na kila kilo imepata karibu jouli 950. Nguvu imepungua kwa robo, ilhali kawi ya kila kilo imeongezeka kwa karibu nusu! Agizo langu la "ongeza nguvu" lilikuwa na majibu mawili yanayopingana: anayetaka nguvu zaidi afungue vali, na anayetaka kawi zaidi kwa kila kilo aifunge.

Mambo hayaishii hapo. Je, kilo iliyopata kawi zaidi hutoka na matone madogo zaidi? Vipimo vya mitambo ya aina hii, vikiwemo vya kundi lililomhusisha Kowalski, vimeonyesha kwamba ukubwa wa matone hufuata zaidi kasi ya rota kuliko wingi wa mtiririko. Kwa hivyo sehemu kubwa ya jouli zilizoongezwa kwa kufunga vali huishia kuwa joto. Kawi kuwa nyingi si hoja; hoja ni mahali inapotumiwa na ukali wa mahali hapo.

Gharama ya Kitone Kidogo

Tone la mafuta ndani ya maji hujikunja kuwa mviringo kwa sababu mpaka kati ya mafuta na maji unavutika kama ngozi ya ngoma. Mtibuko huligonga tone hilo na kutaka kulipasua, na ngozi ile hukataa. Akitumia nadharia ya mtibuko iliyotolewa na Andrey Kolmogorov wa Urusi mwaka 1941, J. O. Hinze alieleza mwaka 1955 uhusiano kati ya ukubwa wa tone linaloweza kunusurika na nguvu iliyotiwa katika kila kilo ya kiowevu. Kutokana na nadharia hiyo, kasi ya rota ikiongezwa maradufu, tone kubwa linalobaki huwa na kipenyo cha asilimia 44 hivi ya kile cha awali.

Bei yake ni ipi? Katika mtambo wetu, kasi ikiongezwa maradufu na mtiririko usibadilike, nguvu hupanda kutoka wati 318 hadi karibu wati 1,890, yaani takriban mara sita. Hata hatua ndogo ina gharama. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa asilimia 27, na kipenyo cha tone hupungua kwa asilimia 11 tu.

Njia ya pili ni kuilegeza ile ngozi. Ndiyo kazi ya kipatanishi cha mafuta na maji, mfano lesithini iliyomo katika kiini cha yai, ambayo humwezesha mpishi kutengeneza mayonezi kwa mkono wake mwenyewe. Mvutano wa mpaka ukipungua kwa nusu, nadharia ileile husema kipenyo cha tone hushuka hadi asilimia 66 hivi, bila wati moja kuongezwa. Ili kupata matokeo hayo kwa kasi peke yake, mtambo wetu ungehitaji nguvu zaidi ya maradufu. Mwenye kiwanda anayebana matumizi ya kipatanishi anaweza kuwa anailipa akiba hiyo katika bili ya umeme.

Lipo jambo linaloshangaza zaidi. Tuseme kilo moja ya mchanganyiko ina mafuta ya asilimia 10, na kila tone lina kipenyo cha sehemu tano kati ya elfu moja za milimita. Ukijumlisha nyuso za matone hayo yote utapata eneo la mita mraba 120 hivi, sawa na sakafu ya nyumba yenye vyumba kadhaa, limejificha ndani ya chombo cha lita moja. Pamoja na ukubwa huo, kawi iliyohifadhiwa katika nyuso hizo, kipatanishi kikiwa kimefanya kazi yake, ni jouli moja na kidogo. Linganisha na jouli 636 zilizotiwa. Sehemu moja tu kati ya mia tano hivi ndiyo iliyobaki katika matone. Zilizosalia zote zimegeuka joto.

Joto hilo si la kupuuzwa. Mota inayotia nguvu ya kilowati 15 katika pipa lenye kilo 500 za kiowevu kinachofanana na maji, ikiachwa kwa nusu saa, hupandisha halijoto kwa takriban nyuzi 13 za Selsiasi, endapo pipa halipozwi. Mafuta mengine ya kujipaka huharibika kwa joto la namna hiyo, na manukato yake huruka. Na matone yakishafikia udogo unaoruhusiwa na kasi iliyopo, muda wa ziada huyapunguza kwa kiasi kidogo sana. Kuanzia hapo mtambo huwa umegeuka jiko la gharama kubwa.

Kutoka Mtambo Mdogo hadi Mkubwa

Mchanganyiko hujaribiwa kwanza katika mtambo mdogo wa maabara. Viwanda vingi vinapohamia mtambo mkubwa hulinda kasi ya ncha ya panga isibadilike. Kipenyo kikiwa maradufu, mizunguko hupunguzwa kwa nusu. Kwa kanuni yetu ya kwanza, vipenyo huleta mara 32 na kasi hupunguza mara nane, kwa hiyo nguvu huongezeka mara nne. Kiasi ambacho rota ya namna hiyo inaweza kusukuma nacho huongezeka mara nne, na hivyo kawi ya kila kilo hubaki ilivyokuwa. Anayesahau kupunguza mizunguko atajikuta na mota iliyoungua, kwani atakuwa ametaka mara 32 pale alipotarajia mara nne.

Hitimisho

Baada ya kuelezwa haya na rafiki yangu, na baada ya kuketi na mzee yule mbele ya mtambo kwa zamu mbili, niliuandika ukurasa ule upya. Sentensi yangu moja iligeuka kuwa nne: "Matone yakibaki makubwa, kwanza hakikisha kipatanishi kimewekwa kwa kipimo kamili. Kisha ongeza kasi ya rota hatua kwa hatua, ukitazama mshale wa umeme na kipimajoto. Usifunge vali ukidhani unapunguza matone, utaongeza joto. Matone yasipopungua tena, zima mtambo." Neno "nguvu" halimo hata mara moja. Mzee aliusoma kimya, akasema: "Hii sasa inafanyika, mwalimu."

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kudhani kwamba tatizo la lugha ya sayansi ni uhaba wa istilahi. Istilahi nyingi zipo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na Kiswahili cha jikoni kilitofautisha kusonga na kukoroga bila kuhitaji kamusi. Nilichokosa mimi hakikuwa neno. Nilikosa kujua kwamba mambo ni matatu, na anayedhani mambo matatu ni moja atayaita kwa jina moja katika lugha yoyote ile. Kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya kiufundi na aanzie pale mtambo ulipo, amuulize anayeuendesha kinachopanda, kinachoshuka na kinachopata moto, ndipo achague maneno. Asipofanya hivyo, atakayeulizwa "nguvu gani?" usiku wa manane ni mfanyakazi aliye peke yake na pipa la kilo 500, na huyo hatakuwa na mwalimu wa kumwuliza.